Gunzi Chini ya Manifoldi: Harrier Iliyohukumiwa Kubadilishwa Giaboksi

Gari hili lilifika gerejini kwetu Tabata likiwa limeshakatiwa hukumu. Mwenyewe, mzee mmoja mstaafu, alishuka na karatasi mbili mkononi: moja ya bei ya giaboksi ya mtumba, nyingine ya gharama ya kuifunga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Sikuja kubadilisha giaboksi," akasema kabla sijauliza kitu. "Nimekuja kuuliza kama imekufa kweli, au wenzako wamechoka kutafuta."

Ni Toyota Harrier ya umbo la kwanza, lile lililoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1997. Mjini, mzee alisema, gari halina neno. Shida huanza akishatoka nje ya jiji: halipandi gia ya mwisho, injini inanguruma kama iko kwenye gia ya tatu muda wote, petroli inakwenda kama imetobolewa tangi, na siku ya mwisho alipolipeleka Iringa alipanda Kitonga huku malori yaliyobeba saruji yakimpigia honi yapite. Taa ya injini inawaka. Kila fundi anaifuta, kila safari inarudi.

Mafundi watatu walikuwa wamelishika kabla yangu. Wa kwanza alimwaga mafuta ya giaboksi, akabadilisha filta, akaweka mapya. Hakuna kilichobadilika. Wa pili alikuwa na mashine ya kupimia, akasoma kwamba hitilafu ni sensa ya noki, ile inayosikiliza mafuta yakilipuka ovyo ndani ya injini. Akamtuma mzee Kariakoo, sensa ikanunuliwa, kisha fundi akaitafuta ile ya zamani siku nzima akiongozwa na picha ya kwenye simu. Hakuiona. Jioni akatoa ushauri kwamba sensa mpya ifungwe juu ya injini, popote penye bolti, waya ikatwe na kuunganishwa hapo. Mzee akakataa, akaondoka na sensa yake ndani ya boksi. Wa tatu ndiye aliyeandika zile karatasi mbili.

Nakiri kwamba fundi wa pili ndiye aliyenivutia kuliko wote. Alikuwa ameshika uzi sahihi akashindwa mahali pa kuufuata, na sababu ya kushindwa kwake naiona kila wiki kwa vijana wangu mwenyewe.

Kwanza nilifungua boneti nikasoma bamba la Japani lililopigwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Model inaanza na MCU15. Hapo hapo nikamwomba mzee anionyeshe ile picha, maana fundi alikuwa amemtumia. Ilikuwa picha nzuri kabisa, mshale mwekundu na kila kitu, ya injini ya silinda nne. Harrier ni jina la gari tu. Chini ya boneti za umbo lile la kwanza kuna injini za aina tatu: zenye SXU kwenye bamba zina 5S ya lita 2.2, ACU ni 2AZ ya lita 2.4, na MCU ni 1MZ, V6 ya lita 3. Herufi ya kwanza inakuambia injini. Fundi alikuwa anatafuta kwenye nyumba ya jirani.

Tofauti hiyo si ndogo. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja ina ubavu, na sensa ya noki hubanwa ubavuni mwa bloku, yaani mwili wa chuma wa injini, mara nyingi upande wa manifoldi ya hewa, yale mabomba yanayoigawa hewa kwenda kwenye silinda. Ukilala chini ya gari na tochi utaiona, au utaigusa. V6 haina ubavu wa namna hiyo. Ina safu mbili za silinda zilizoegemeana kama paa la nyumba lililogeuzwa, na katikati yake kuna bonde. Sensa za noki za 1MZ ziko mbili, zote zimekaa ndani ya bonde hilo, na juu ya bonde imefunikwa manifoldi yote ya hewa. Unaweza kulala chini ya gari hilo mpaka Idi, hutaziona.

Ninapomfundisha kijana kutafuta sensa huwa simpi picha. Namuuliza: kitu hiki kinapima nini, na ungekuwa wewe ungekaa wapi ili ukipime? Sensa ya joto la maji itakuwa mahali maji ya moto yanapotokea kwenye injini. Ya kupima hewa inayoingia itakuwa baada ya filta ya hewa, kabla ya hewa haijagawanyika. Ya oksijeni iko kwenye njia ya moshi, haiwezi kuwa kwingine. Ya kuhesabu mizunguko ya kranki iko karibu na kitu chenye meno kinachozunguka na kranki. Maswali haya mawili yanakufikisha nusu ya safari hata kwenye gari ambalo hujawahi kuligusa. Sensa ya noki ni sikio. Ndani yake kuna kipande kinachotoa umeme mdogo kikitikiswa, na kazi yake ni kusikia ule mlio wa kokoto unaotokea mafuta yanapolipuka ovyo ndani ya silinda, mtikisiko wa maelfu ya mara kwa sekunde. Sikio lazima liguse chuma cha bloku, na liwe karibu na silinda zote linazozisikiliza. Kwenye V6, mahali panapofaa kwa hilo ni bondeni.

Ndiyo maana nilikubaliana na mzee kukataa ile habari ya kuifunga juu. Najua wapo wanaofanya hivyo na magari yanatembea. Taa inazima, mteja anafurahi. Lakini sensa uliyoifunga kwenye bolti ya juu inasikia mlio wa vali, wa nozeli, wa kila kitu kilicho karibu, na yale yanayotoka chini yanaifikia yamefifia. Kompyuta haijui umehamisha sikio. Itaendelea kuamini inachoambiwa.

Sasa, giaboksi. Hili ndilo lililomchanganya fundi wa tatu, na simlaumu sana. Kwenye Toyota nyingi za kizazi kile zenye 1MZ, kompyuta ikikosa ishara ya sensa ya noki inafanya mambo mawili ya tahadhari. Inarudisha nyuma muda wa kuchoma plagi hadi kiwango cha juu kabisa inachoruhusiwa, kwa hiyo injini inapoteza nguvu na kula mafuta. Na inafunga ovadraivu, yaani gia ya nne kwenye giaboksi hii. Mantiki yake ni rahisi ukiifikiria: gia ya nne ndiyo inayoifanya injini ibebe mzigo mzito ikiwa kwenye mizunguko ya chini, na hapo ndipo noki hupenda kutokea. Kompyuta isiyosikia haitaki kujiweka hapo. Anayeendesha anahisi giaboksi mbovu, ilhali giaboksi inatii amri tu.

Maneno hayo ni mazuri, lakini mzee alikuwa amechoshwa na maneno mazuri. Nikachomeka mashine. Namba moja tu ya hitilafu: P0330, ya sensa ya noki. Hakuna namba hata moja ya giaboksi. Mafuta ya giaboksi yalikuwa mekundu na hayana harufu ya kuungua, jambo ambalo lingeweza kuwa kwa sababu ni mapya, basi sikulihesabu. Nikafuta namba, mzee akakaa mbele, kijana wangu nyuma na mashine, tukashika barabara ya Morogoro.

Foleni ya Kimara mpaka Mbezi, hakuna kitu. Baada ya Kibaha barabara ikafunguka kidogo, nikalipeleka kwenye kilomita 80 kwa saa, na gari likapanda gia ya nne kama halijawahi kuumwa. Mzee akanitazama. Tukaenda hivyo kilomita kadhaa, nikipunguza kwa ajili ya trafiki wenye tochi na kuongeza tena. Karibu na Mlandizi, kwenye sehemu yenye matuta matuta, kijana akasema kutoka nyuma, "Bosi, imerudi," na sekunde hiyo hiyo taa ikawaka kwenye dashibodi. Nikapunguza mwendo, nikaongeza tena. Gia ya nne hakuna. Mshale wa mizunguko ukakaa karibu na 3,000 kwa mwendo uleule wa 80.

Kwangu mimi kesi ya giaboksi iliishia Mlandizi. Giaboksi iliyokufa haiwezi kufufuka kwa kufutwa namba kwenye mashine, kisha ikafa tena sekunde taa inapowaka.

Safari ile ilitupa na la pili. Kompyuta hii haiisubiri sensa ya noki injini ikiwa inazembea, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta; inaidai ishara mizunguko ikifika 2,000 na kuendelea. Ndiyo maana mjini gari "halina neno". Lakini tulikuwa tumepita 2,000 mara nyingi kabla ya Mlandizi bila taa. Kwa hiyo ishara ilikuwepo, kisha ikapotea barabara ilipotikisa. Sensa iliyokufa haifanyi hivyo mara nyingi. Waya iliyochoka hufanya.

Turudi kwenye namba, maana hapa pia watu hupotea. Benki ni safu ya silinda: P0325 ni sensa ya benki ya kwanza, P0330 ni ya benki ya pili. Benki ya kwanza ni ile yenye silinda namba moja, basi. Si ile unayoiona kwanza ukifungua boneti. Kwenye 1MZ iliyolazwa kwa upana kama hii, silinda 1, 3 na 5 ziko nyuma, upande wa ukuta wa abiria, na 2, 4 na 6 ziko mbele, upande wa rejeta. Nimeona sensa za oksijeni nzima zikitupwa kwenye injini hii kwa sababu fundi aliambiwa "benki ya kwanza" akabadilisha ya mbele, kwa kuwa ndiyo anayoifikia bila kujikwaruza. Kwetu sisi, P0330 ilimaanisha sensa ya mbele.

Kabla ya kufungua manifoldi ya mtu, mimi hutaka ushahidi mmoja zaidi, maana ukishafungua umeingia gharama ya gasketi hata kama umekosea. Kompyuta ya gari hili iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi, kile cha kuwekea nyaraka. Waya mbili za sensa za noki zinaingia pale zikiwa kila moja imevikwa wavu wa kuzuia kelele za umeme, na kwenye mchoro zimeandikwa KNKR na KNKL, kulia na kushoto, yaani benki ya kwanza na ya pili. Tulizichomoa pini zake kwa sindano nyembamba, tukabadilishana nafasi, ya kulia ikaingia kwa kushoto. Kama kompyuta ndiyo mbovu, namba ingebaki P0330. Kama ubovu uko huko nje, kwenye waya au sensa, namba ingehama. Jioni hiyo tukarudi barabarani, na tulipofika kwenye matuta taa ikawaka na mashine ikaandika P0325. Imehama. Kompyuta haina kosa. Tukarudisha pini mahali pake. Hatua hiyo ya mwisho kijana aliisahau mara moja mwaka juzi kwenye gari jingine, na sitaki kuizungumzia.

Kazi yenyewe ya kufungua sitaisimulia bolti kwa bolti. Betri inatolewa waya kwanza. Unapunguza maji ya rejeta kwa sababu mipira yake inapita kwenye koo la hewa. Linatoka tangi la juu la manifoldi pamoja na koo lake, kisha reli ya petroli na nozeli zake, kisha manifoldi ya chini. Kila kiungio cha waya kinachotolewa kinaandikwa kwa utepe, na kila tundu la hewa kwenye vichwa linazibwa kwa kitambaa safi dakika ileile linapoonekana, maana nati moja ikidondokea humo utaitafuta ndani ya silinda. Na bonde linapulizwa kwa hewa ya kompresa kabla ya jambo lolote.

Hatukupuliza. Kijana alinyanyua manifoldi ya chini, akanyamaza, kisha akasema, "Bosi, humu kuna mtu anakaa."

Bonde lilikuwa limejaa majani makavu, vipande vya sponji vilivyotafunwa kutoka kwenye zulia la boneti, nyuzi za gunia, na katikati, limelala kati ya sensa mbili kama limewekwa kwa mkono, gunzi la mahindi. Gunzi zima. Namna panya alivyolipitisha mpaka pale sijapata kuelewa hadi leo.

Waya ya sensa ya nyuma ilikuwa nzima, ingawa plastiki yake ilikuwa imekauka kwa joto na kuvunjika ukiikunja, jambo la kawaida kwa waya iliyokaa miaka ishirini juu ya bloku. Waya ya sensa ya mbele ilikuwa imetafunwa ganda, wavu wake umekatwa, na waya yenyewe ya ndani imebaki nyuzi mbili tatu. Nyuzi hizo ndizo zilizokuwa zikifikisha habari mpaka Mlandizi. Gari likitikisika, zinaachana.

Nilimwita mzee aje aone kabla ya kugusa. Alichuchumaa juu ya bampa muda mrefu. Kisha akasema gari lilikaa miezi mitatu Iringa wakati wa msiba, limeegeshwa ubavuni mwa ghala.

Hapa palikuwa na uamuzi wa kufanya, na sidai kwamba fundi mwingine angekosea kuamua tofauti. Waya zote mbili zilikuwa za kubadilisha, hilo halina mjadala. Lakini sensa? Mafundi wengi watakuambia ukishafungua huko badilisha zote, maana hutaki kurudi. Hoja hiyo ina uzito: kazi ni ya siku nzima. Upande wa pili ni kwamba sensa zilizokuwa mle zilikuwa za asili, zimefanya kazi tangu gari litoke kiwandani, na ile ya ndani ya boksi la mzee ilikuwa na maandishi yaliyotoka ukiyasugua kwa kidole. Sensa bandia ya noki ni balaa kuliko ya zamani, kwa sababu inaweza kukupa taa ileile baada ya wiki, na hapo mteja haamini tena kama ulifungua.

Tulizipima pale pale zilipo. Unaweka mita kwenye volti za umeme wa kupishana, kipimo kidogo kabisa, ncha moja kwenye pini ya sensa na nyingine kwenye bloku, kisha unagonga bloku kando yake kwa mpini wa nyundo ndogo. Si kugonga sensa yenyewe. Sikio likiwa zima, namba inaruka kila unapogonga. Zote mbili ziliruka, na kwa kiasi kinachofanana. Kipimo hicho hakithibitishi kwamba sensa inasikia vizuri kila mtikisiko, kinathibitisha tu kwamba haijafa. Nikamweleza mzee hivyo hivyo: tukiziacha na moja ikafa mwakani, tutafungua tena na atalipa gasketi tena. Akauliza mimi ningefanyaje kwenye gari langu. Nikamwambia ningeziacha.

"Basi ziache."

Seti ya waya za bondeni tulipata Kariakoo, imetolewa kwenye injini ya mtumba iliyokuja kutoka Dubai, ganda lake bado laini. Tuliipima mwanzo hadi mwisho ikiwa mezani, tukaivika bomba jingine la kuzuia joto, tukailaza mbali na kingo za chuma. Gasketi zote mpya, pete za mpira za nozeli mpya. Kitambaa kwenye kila tundu kikahesabiwa kilipotoka. Viliingia sita, vikatoka sita. Injini ilipowashwa ilizembea juu juu kidogo dakika za mwanzo, nikasikiliza kama kuna mluzi wa hewa inayovuja kwenye manifoldi, hakuna, kisha ikatulia.

Safari ya majaribio tuliifanya ndefu, mpaka Chalinze na kurudi, tukiyapita matuta yote. Gia ya nne iliingia Kibaha na kubaki. Mashine haikuandika kitu. Mzee aliendesha mwenyewe kurudi, na kila alipopita lori alikuwa akitazama kioo cha nyuma zaidi ya ilivyo lazima.

Siku ya kuchukua gari nilikuwa nimeweka uchafu wote wa bondeni kwenye ndoo ili nimwonyeshe mteja anayefuata, maana picha zangu mwenyewe ndizo ninazoziamini. Mzee akaikuta ndoo, akachakura, akatoa gunzi, akalipangusa kwa kitambaa.

"Hili naondoka nalo."

"La nini tena, mzee?"

"Mama watoto kule Iringa anasema nyumba yetu haihitaji paka." Akafungua kisanduku cha dashibodi, akalilaza gunzi ndani, juu ya zile karatasi mbili za giaboksi, akafunga.